Mchanga wa Josho

Mwaka ule masomo ya msingi yalipofanywa bure, watoto walimiminika shuleni kwetu hadi tukakosa pa kuwaweka. Darasa la kwanza lilikuwa langu, na kwa kuwa darasa la kwanza halina mtihani wa kuletea shule sifa, kamati ilikata kauli kwamba sisi ndio tutakaohamia kwenye josho. Hakuna aliyeniuliza. Nilipata habari kutoka kwa mpishi wa chai.

Josho, au dipu kama kila mtu alivyoliita, ni mahali pa kuogeshea ng'ombe. Shule yetu iko kati ya Kiminini na Ndalu, kwenye shamba lililokuwa la mzungu, kisha likanunuliwa na chama cha wakulima, kisha likagawanywa vipande na kimoja kikabakia cha shule. Katika kona ya kipande hicho mzungu alikuwa amejenga mtaro mrefu wa saruji. Ng'ombe alirukia upande huu, akaogelea ndani ya dawa ya kuua kupe, akatokea upande wa pili akitiririka. Alipoondoka mzungu, wakulima wetu waliendelea kulitumia miaka mingi, hadi likafa vile vitu vya ushirika hufa, polepole na bila mazishi. Kilichosalia kilikuwa paa la mabati juu ya nguzo imara, na kamati iliona paa tu.

Mtaro ukajazwa mawe. Ukahitajika mchanga wa kusawazisha sakafu juu ya yale mawe, na pale kando palikuwa na kilima tayari, hakuna haja ya kuchimba wala kubeba mbali. Kilima hicho kilikuwa ni matope yaliyochotwa chini ya mtaro kila ulipooshwa, miaka nenda miaka rudi. Kila mzee pale alijua, maana wengine wao ndio waliokuwa wakichota. Walikisambaza kwa reki, wakamwagia maji, wakakishindilia vizuri, na mwenyekiti wa kamati akanikabidhi darasa langu kwa mikono miwili.

"Mwarimu, hata nyasi haitakusumbua hapa," alisema. "Hii mchanga haimeangi kitu."

Alisema hivyo kama sifa.

Binti yangu alikuwa katika darasa hilo. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Bungoma na alikuja nyumbani wikendi, kwa hiyo mtoto nilimlea mimi, nikamfundisha mimi, na mchana nikamwona kama nilivyowaona wenzake, akiwa ameketi chini, madaftari magotini, kwa kuwa madawati yalikuwa ya wakubwa.

Watoto wa darasa la kwanza hula mchanga. Anayebisha hajawahi kuwafundisha. Na si wao tu. Huku kwetu wanawake wajawazito hula udongo, unauzwa sokoni Kiminini ukiwa umepangwa mafungu karibu na vitunguu, na hakuna anayeshangaa. Nilipowakataza watoto waliacha nikiwatazama, wakaendelea nikigeukia ubao. Huu wa josho waliupenda kupita wa kwingine. Walilowesha kidole mate, wakakibandika sakafuni, wakakilamba. Niliuliza una nini huo mchanga, wakaniambia kwa pamoja, kama jibu la hesabu, kwamba una chumvi.

Muhula wa pili wakaanza kuugua tumbo. Huyu leo, yule kesho. Tulisema ni minyoo, wakanyweshwa dawa ya minyoo. Tulisema ni njaa, wazazi wakaletewa neno wawape uji asubuhi. Kisha viganja vya mikono vikaanza kuwa vigumu, na vijipele vidogo vikavu vikatokea, mtu akivipapasa anahisi punje za wimbi. Tukasema ni uchafu, na kwa hilo watoto walioshwa mikono kila saa nne kwa maji ya ndoo, kisha wakarudi kuketi palepale. Nilimsugua binti yangu viganja kwa jiwe la miguu hadi akalia. Havikutoka.

Aliyetufungua macho ni mtamba wa jirani. Alikuwa ng'ombe mzuri, wa kwanza wa gredi, mbegu ya kizungu, pale kijijini, na jirani alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya watu wake. Asubuhi moja baada ya mvua alikata kamba, akaja kulamba ardhi kando ya darasa, mahali maji yalipokuwa yametuama. Kufikia saa sita alikuwa amelala ubavu, povu mdomoni, na kabla watoto wa darasa la kwanza hawajaenda nyumbani alikuwa amekufa.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka Kiminini. Alimpasua, akatazama matumbo, akaenda akainama palipolambwa, kisha akauliza pale palikuwa nini zamani. Mwalimu mkuu akamwambia.

"Basi imekula dawa ya dipu," daktari alisema. "Ile ya zamani kabisa. Hiyo haiishangi kwa mchanga, hata ikae miaka ngapi." Akaagiza nyama izikwe, mtu yeyote asithubutu kuionja. Kisha akatuonya akivua glavu. "Na mtu asifunge ng'ombe hapa tena. Hata mbuzi."

Nyuma yake darasa langu lilikuwa likiimba a, e, i, o, u. Nilikuwa nimewaacha na kiranja.

"Na watoto?" nikauliza.

Aligeuka. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza alitazama kilichokuwa chini ya lile paa. "Hao wanasomea hapo?"

"Wanasomea hapo. Wanakaa hapo. Wanakula hapo."

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaanza kueleza habari ya upungufu wa madarasa, na hasira ikanipanda hadi masikio yakawa moto. Ng'ombe mmoja alikuwa amepata daktari siku hiyohiyo. Watoto wangu walikuwa wameumwa muhula mzima wakaambiwa wanawe mikono.

Sikungoja maelezo yaishe. Niliingia darasani, nikawaambia wasimame, wabebe kila kitu, na nikawapeleka kwa mstari hadi kwenye ofisi ya walimu. Walimu walikuwa wakinywa chai. Watoto wakajaa chini ya meza, kati ya viti, mbele ya kabati, wengine wakakaa juu ya vitabu vya kusahihishwa. Mwalimu wa hisabati aliinua kikombe chake juu ya vichwa vyao akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni darasa la kwanza.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole. Simchukii hata leo. Lakini upole wake ulikuwa wa kumpaka kila mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ili siku ipite. Aliniita nje, akaniambia tungoje wataalamu wapime mchanga kwanza, wazazi wasipate wasiwasi, shule isije ikapata jina baya. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo ilikuwa dini yake.

"Wapime," nikasema. "Wakimaliza kupima watatupata huku kwa chai."

Mchanga ukapelekwa Kitale kupimwa, nasi tukakaa ofisini humo hadi matokeo yakaja, na hata baadaye. Walimu wenzangu walinichukia wiki ya kwanza. Wiki ya pili mmoja wao alianza kunisaidia kuchonga penseli.

Tuliitwa Kitale, mwalimu mkuu na mimi, na nikambeba binti yangu. Bwana mmoja wa maabara alitukaribisha katika chumba chenye harufu ya spiriti na akatueleza kwa Kiswahili chepesi, nadhani kwa sababu aliona mtoto. Alisema ndani ya ule mchanga mna arseniki, kitu kinachoua ng'ombe na mtu. Wazungu waliitumia kuua kupe kabla ya dawa za kisasa kupatikana. Haiozi. Haipeperuki. Mvua inaisogeza tu, na jua halifanyi chochote. Mchanga wote ulioguswa na ule mtaro uchimbwe hadi upatikane udongo ambao haujabadilika rangi, utiwe kwenye shimo lenye nailoni chini na juu, mbali na maji, ufunikwe kwa udongo mwingine, na pasilimwe milele. Alirudia hilo neno, milele, akiwa amemkazia macho mwalimu mkuu.

Kutoka hapo nikampeleka mtoto hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alivishika viganja vya binti yangu kwa muda mrefu, akavielekeza dirishani, akavigeuza. Akaniambia tumbo litapona, maana ameondolewa mapema. Kuhusu viganja alisema huenda vikalainika na huenda visilainike, na kwamba kuanzia siku hiyo mwili wa mtoto ule uangaliwe, ngozi yake itazamwe akikua. Nilimwuliza kwa muda gani. Akaniambia, "Wewe ni mama, utaangalia tu." Nikalia palepale kwenye kiti. Sina aibu kulisema.

Jumamosi mume wangu alikuja akiwa ameshaamua. Mtoto aende Bungoma akakae kwa shangazi yake, asome huko kwenye shule ya maana, na mimi niombe uhamisho nifuate. Hakuwa mtu mbaya na hoja yake haikuwa mbaya.

"Umwache kwa hiyo sumu kwa nini?" aliniuliza.

"Ameshaondoka kwa sumu. Yuko ofisini."

"Na nyinyi mmebaki mnapigana na mchanga."

"Wakimwona wangu ameenda, watasema mwalimu ameokoa wake akaacha wetu. Hakuna atakayechukua jembe."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Mwishowe akala, akalala, na Jumapili jioni akarudi Bungoma bila mtoto. Lakini alikuwa amelitamka neno hilo, sumu, jikoni kwangu, bila hata kulifikiria. Huko shuleni hakuna aliyekuwa amelitamka bado. Nami sikuwa nimetambua.

Mkutano wa wazazi uliitwa. Mwalimu mkuu alisimama akaeleza kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba wataalamu wa Kitale wamepima mchanga wa josho na kugundua kwamba una dawa kali sana, dawa ya zamani ya wazungu, ambayo haiishi nguvu. Alisema mchanga huo utaondolewa. Nilikuwa nimekaa mbele nikiwatazama wazazi, nikitarajia vilio. Nilichoona ni watu kuanza kunong'onezana na kutikisa vichwa kwa heshima.

Mwenyekiti akainua mkono. "Mwarimu mkuu, hiyo dawa kari hivyo, inaweza maliza dumuzi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Kiswahili chetu cha huku, dawa ni dawa. Ya kikohozi ni dawa, ya kupe ni dawa, ya panya ni dawa, na kinachomaliza fuko shambani ni dawa pia. Wabukusu kwa lugha yao husema kamalesi, na husema hivyo kwa zote. Neno hilo halina ubaya ndani yake. Likitajwa, mtu mwenye shida huuliza tu ni ya nini na inapatikana wapi. Mavuno yalikuwa yamekaribia. Kila mtu pale alikuwa na ghala na kila ghala lilikuwa na dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi unga, na walikuwa wameambiwa na mkuu wa shule mwenyewe kwamba kuna kilima kizima cha dawa ya mzungu, haiishi nguvu, na shule inataka kuitupa.

Asubuhi iliyofuata nilikuta wilibaro kwenye lango. Mtu wa Ndalu alikuwa amekuja na baiskeli na magunia mawili matupu. Wengine walikuwa wameingia na jembe, wanachimba darasa langu. Mmoja alitaka ya mchwa, mwingine ya fuko. Nyanya mmoja alikuwa na kikopo, alitaka kidogo tu cha kumpaka mjukuu wake mapunye kichwani. Walinisalimia kwa furaha. "Mwalimu, asante sana kwa kutuletea hii maneno." Kama ningekuwa mtu wa kuzimia ningezimia.

Niliwaambia watoke. Wakacheka, wakadhani natania. Nikakaa juu ya wilibaro la mtu. Mwenyekiti akaja, yeye akiwa na karai lake mwenyewe, akaanza kunibembeleza.

"Si mmesema mnatupa? Sasa tukisaidia kutupa iko mbaya wapi? Mtu achanganye kidogo na mahindi, dumuzi ikufe."

"Na mahindi yaende wapi?"

"Yaende kwa posho mill."

"Kisha?"

"Kisha tukule, mwarimu. Si ni dawa?"

Nikainuka. Nikanyakua jembe la mtu, nikachota mchanga kwa ncha yake, nikamwinulia hadi kidevuni. "Basi kama ni dawa, anza wewe. Onja."

Akarudi nyuma hatua. Watu wakacheka, safari hii wakimcheka yeye. Nilikuwa nimeshinda, nilidhani. Lakini kando yangu alikuwa amesimama mama mmoja, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, mtoto wake akiwa darasani kwangu na mwingine akiwa tumboni, beseni limejaa mkononi. Akasema kwa utani, "Mwache mzee, hao hawajui utamu. Mimi hula kila siku." Akachovya vidole kwenye ncha ya lile jembe nililoshika na kuvipeleka mdomoni.

Nilimpiga. Nilimpiga mkono kwa nguvu zote, beseni likaanguka, na mchanga ukamwagika miguuni pake. Mwalimu amempiga mzazi, mjamzito, mbele ya watu. Hakuna aliyecheka tena. Mama yule alishika mkono wake akinitazama, na nikaona machozi yanakuja.

"Hiyo ni sumu," nikasema. "Sumu. Si dawa. Imeua mtamba kwa nusu siku. Imekaa kwa viganja vya watoto wenu. Mimi na mwalimu mkuu tuliambiwa Kitale ni sumu, tukaja hapa tukasema dawa kwa sababu dawa ni neno tamu. Sasa nimesema."

Mtu wa kwanza kusogea alikuwa yule nyanya. Alimwaga kikopo chake chini, akakiangalia ndani, kisha akakiacha hapohapo na kuondoka.

Mwenyekiti hakuwa amemaliza. Alikuwa amepauka, lakini hakuwa mjinga, na swali lake naliheshimu mpaka leo. "Mwarimu, dawa haina mwenyewe. Rakini sumu iko na mwenyewe. Ukisema sumu, watu watauliza nani ameweka."

Ni kweli. Huku kwetu sumu haianguki kutoka mbinguni. Ina mkono ulioitia kwenye chungu, na watu huutafuta mkono huo, na wakati mwingine huchoma nyumba. Ndiyo sababu mwalimu mkuu alilikwepa neno hilo. Hakuwa mwoga tu, alikuwa akifikiria mbali kuliko nilivyodhani. Lakini mimi nilikuwa nimeshalitamka na sikuwa na nia ya kulirudisha.

"Mwambie kila atakayeuliza," nikasema. "Mzungu alitia. Ninyi mkaendelea kutia, ng'ombe zenu na za baba zenu zote zimepita hapa. Kamati ikatandaza. Mimi nikakalisha watoto juu yake. Mwenyewe ni sisi sote, na yule mtamba naye mkitaka kumtoza faini, mfufueni."

Sikulala vizuri siku hizo. Kulikuwa na watu waliopita njia nyingine wakiniona. Kulikuwa na habari kwamba mke wa karani anataka shule ifungwe apate uhamisho. Lakini yule mama wa kwaya, ambaye nilikwenda kwake kuomba msamaha na kuku mkononi, alimpokea kuku, akanikaribisha chai, na Jumapili akasimama kanisani akasema alichokaribia kula. Alilitaja tumbo la mtoto wake. Alivitaja viganja. Akasema neno sumu mbele ya madhabahu, na mtu wa pili alipolisema likawa la watu.

Kuchimba kulikuwa kwa wazazi wenyewe. Serikali ilimtuma yule bwana wa maabara kuja kutuonyesha, naye alikuja. Tulimwagia ardhi maji kwanza ili vumbi lisipande. Wanaume walivaa gambuti, wakafunga mifuko ya plastiki mikononi na vitambaa vyenye maji puani, wakafanana na majambazi wa benki. Wanawake wajawazito tuliwafukuza. Watoto tuliwafungia kanisani na mwalimu wa hisabati, ambaye aliwafundisha kuhesabu kwa Kiingereza siku nzima na akatoka huko amepoteza sauti.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa pa kupeleka. Hakuna aliyetaka shimo karibu na mpaka wake, na hapo ndipo mzee mmoja wa kamati alipotoa wazo kwamba tumwage kwenye kijito bondeni, usiku mmoja wa mvua, maji yabebe yote yaende zake.

"Yaende wapi?" nikamwuliza.

"Yateremke tu. Upande wa Bungoma."

"Upande wa Bungoma ndiko nilikozaliwa. Mama yangu yuko karibu na Kamukuywa na huchota maji mtoni. Unataka tumtumie hii?"

Akasema hakuwa na maana hiyo. Watu hawana maana hiyo kamwe, ila hujua vizuri maji yanateremkia kwa nani. Mwenyekiti ndiye aliyemaliza mjadala. Aliingia shamba la shule, akapanda hadi kona ya juu kabisa, mbali na kijito, ambayo ilipakana na shamba lake mwenyewe, akapiga jembe chini. "Hapa," alisema. "Nikiamka nikuwe naiona." Sikuwahi kumpenda kama siku hiyo.

Tukachimba, tukatandika nailoni nyeusi ambayo mume wangu aliituma kutoka Bungoma bila kuandika neno lolote, tukazika, tukafunika, tukapanda michongoma kuzunguka. Pale pa darasa tulijaza udongo wa vichuguu kutoka mashamba ya wazazi, kila mmoja akileta wa kwake kwa mkokoteni. Muhula uliofuata nyasi ilimea kwenye kingo za sakafu, na mimi niliyekuwa nikichukia nyasi darasani niliiacha.

Miaka ikapita. Mwalimu mkuu yule alistaafu. Mwenyekiti alifariki. Binti yangu na wenzake wakafika darasa la saba. Matumbo yalikuwa yamepona. Viganja vya wengi vililainika. Vyake havikulainika, na alikuwa amejifunza kutembea amekunja vidole, kusalimia haraka na kuchelewa kuinua mkono darasani hata anapojua jibu.

Akaletwa mwalimu mkuu mpya, kijana mwenye bidii, ambaye aliona ile kona ya juu imekaa bure ilhali watoto hawana chakula cha mchana. Nilipokwenda kumweleza alinisikiliza kwa adabu. "Nimesikia, mwalimu," alisema. "Wazee wameniambia udongo wa hapo uko na dawa. Si hata mbolea hatutahitaji?"

Neno lile lilikuwa limerudi. Tulikuwa tumelizika na lenyewe, kumbe lilikuwa likitambaa midomoni mwa watu muda wote huo. Niliongea hadi koo likakauka. Alitabasamu, akaniambia hizo ni habari za zamani, na Jumatatu nikamkuta ameita mzazi mwenye ng'ombe na plau, michongoma imeshakatwa upande mmoja na ng'ombe wawili wamefungwa nira, wanasubiri.

Nilikimbilia darasa la saba. Nilimshika binti yangu mkono, nikamtoa katikati ya somo, nikamburuta hadi pale mbele ya mwalimu mkuu. "Fungua mikono," nikamwambia. "Mwonyeshe."

Hakufungua. Aliitia mikono yake ndani ya mifuko ya sweta, akanitazama kwa macho ambayo ni yangu kabisa.

"Mama, mikono ni yangu," alisema.

Nikarudi nyuma hatua moja. Mwalimu mkuu akageuza uso, akamwashiria mwenye plau aanze.

Binti yangu akanipita. Akapita kwenye pengo la michongoma, akaenda hadi mbele ya ng'ombe, na kuketi chini juu ya lile kaburi la mchanga, miguu ameinyoosha, mikono bado mifukoni. Ng'ombe mmoja aliinamisha kichwa kumnusa. Mlango wa darasa la saba nilikuwa nimeuacha wazi. Alitoka mmoja, mtoto wa yule mama wa kwaya, akaja akaketi kando yake. Kisha wengine wawili. Kisha likatoka kundi, wale wote waliokaa nami kwenye josho wakiwa wadogo, na wengine ambao hawakuwapo ila walikuwa wamesikia, wakaketi bila kuimba wala kupiga kelele hadi plau likakosa pa kupita.

Mwalimu mkuu aliwaamuru wainuke. Akaamuru tena. Mwenye ng'ombe alikuwa akitafuta kwa macho kati yao, akampata mwanawe, ameketi safu ya pili, viganja juu ya magoti. Akamtazama kwa muda. Kisha akaliangusha plau ubavu na kuanza kufungua nira.